Diski Tatu Darini kwa Dada Hawa

Watu wa Lushoto wananijua kwa kulalamika. Nikisimama kwenye mkutano, mwenyekiti anatazama saa kabla sijafungua mdomo. Wananiita Jafari Mgomo, na jina hilo nimelipata kwa haki: nilianza kugoma shamba la chai lilipotukatia posho ya mabuti, na tangu hapo sijapewa sababu ya kuacha. Nakumbuka nani alisema nini na alikuwa amevaa nini. Nakumbuka tulivyoambiwa ushirika unapumzishwa, na haujaamka mpaka leo. Nakumbuka tulivyoanza kuulizwa hela hospitalini kabla ya kuulizwa tunaumwa wapi, wakatuambia huko ndiko kuchangia. Hayo nimeyasema sana na nitaendelea kuyasema. Lakini leo nina neno jingine, na wanaonijua wanivumilie. Leo nataka kushukuru.

Nilipopunguzwa kazini (neno lao hilo, kupunguzwa, kana kwamba mtu ni maji ya kwenye ndoo) nilinunua redio kaseti ya mtumba nikaanza kuwarekodi wazee. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, mengi kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Ila jambo moja niliona mapema kuliko wengi: hawa waliokuja kununua kila kitu wana karatasi, na sisi tuna midomo, na midomo inakufa.

Ndiyo maana nilimrekodi mama yangu. Na nilimrekodi Yeremia, Mbena wa kutoka Njombe, aliyekuja Usambara kijana kuchuma chai na akazeekea huku. Wote wawili nilitaka wanieleze habari ya njia ya chemchemi. Zamani, shamba la chai lilipotaka bonde letu, meneja wa wakati ule alikaa na wazee wa kitongoji mbele ya watu wakakubaliana: shamba lichukue bonde, kitongoji kibaki na njia ya maji, watu na ng'ombe wapite siku zote. Hakuna aliyeandika. Mama alikuwepo, amenibeba mgongoni. Yeremia ndiye aliyeshika jembe akaichonga njia yenyewe. Sasa wote wawili wametangulia mbele ya haki, na mwekezaji mpya ameweka waya juu ya njia, na akina mama wanazunguka mlima mzima kwa ndoo moja ya maji.

Tulipiga kelele mpaka kata ikakubali kukaa kikao. Siku ikapangwa: Jumatano. Tukaambiwa tulete ushahidi.

Ushahidi wetu haukuwa tena kwenye kaseti. Anayeijua Lushoto anaujua ukungu wake. Si ule wa kwenye vilima ambao wageni wanaupiga picha. Huu mwingine unaoingia kabatini. Kaseti zangu nilizifungia kabatini kwa kufuli, na siku nilipofungua nilikuta zimeota manyoya meupe. Aliyeziokoa ni Mwalimu Elinuru, mwalimu wa hesabu mstaafu anayesimamia kituo cha kompyuta pale mjini. Alizifuta moja moja kwa pamba, akazicheza kwa mara ya mwisho, na sauti zote akaziingiza kwenye seva ya kituo. Seva ni kompyuta kubwa inayolisha zile ndogo. Hii yetu ilikuwa sanduku la bati la kupewa, zito kama kinu, na mbele ina droo tatu. Ndani ya kila droo mna diski, na ndani ya diski hizo ndimo mama yangu alimokuwa anaishi.

Siku umeme ulipofanya vitu vyake mimi nilikuwa Mnazi, huko chini tambarare. Nilikuwa nimeteremka kumtafuta dereva wa zamani wa shamba, kwa kuwa niliambiwa naye alikuwepo siku ya makubaliano. Nikamkuta kibarazani kwa mwanawe, mchangamfu, ananiita kwa jina la marehemu kaka yangu. Kila nilipomuuliza habari za njia alinieleza habari za lori lililomshinda kupanda mlima wa Soni mwaka wa mvua kubwa. Nilikunywa chai yake, nikamsikiliza lori lake lote mpaka likafika juu, nikaaga. Nikarudi kwa kupitia Mazinde na Mombo huku nikijua kwa hakika kwamba kila tulichonacho kimebaki ndani ya lile bati.

Nilifika kituoni Jumanne asubuhi. Mwalimu Elinuru alikuwa amesimama mlangoni, na miwani ameishika mkononi.

"Jafari, kwanza kaa chini."

"Nikikaa nitachelewa kukasirika. Sema."

Akasema. Ijumaa umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu ambayo hakuna aliyeiomba. Taa za dukani kwa jirani ziliungua. Seva ikatoa harufu kama ya mpira unaochomwa, na tangu hapo ikiwashwa inaamka, inalia, na kuandika kwamba haioni diski hata moja. Akampigia simu fundi Klara huko Tanga. Klara akamwambia diski huenda ni nzima kabisa; kilichokufa ni kadi inayoziendesha. Akasema atatafuta kadi ya aina ile ile aje nayo mwenyewe, na mtu yeyote asiguse kitu.

"Basi vizuri," nikasema.

"Ingekuwa vizuri kama hayo angeyasikia na dada yako."

Nikampita nikaingia ndani. Klara alikuwepo, amefika na basi la jana. Huyu Klara ni binti wa Yeremia. Nimemwona akitambaa kwenye kambi ya wafanyakazi. Sasa ni fundi wa kompyuta, amesomea Dar es Salaam, na maofisi ya Tanga yanamgombania. Seva ilikuwa mezani imelazwa ubavu. Zile droo tatu hazikuwemo. Palikuwa na matundu matatu matupu, kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ziko wapi?"

"Hilo nilitaka nikuulize wewe."

Mwalimu Elinuru akamalizia kutoka nyuma yangu. Jumamosi alikwenda posta kupiga simu. Dada Hawa, dada yangu mkubwa anayekaa Lukozi, akaja kuchukua mbegu za kikundi chao cha akina mama, wanazoziweka chumba cha pili. Akaikuta mashine imepoa, chumba kinanuka. Akamuuliza mfagiaji, mfagiaji akamwambia imekufa. "Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha siku ile droo zinavyotoka," alisema Mwalimu. "Alitaka kujua mama yenu yuko wapi hasa. Nikamwambia yuko humu, ukibonyeza hapa na kuvuta, inatoka. Basi akabonyeza akavuta. Kaacha ujumbe."

"Ujumbe gani?"

"Mwambieni Jafari mama yuko salama, nimempeleka nyumbani."

Klara akafumba macho. "Nyumbani sehemu gani?"

Mimi nilishajua. Kwetu kitu kisichotakiwa kuota ukungu kina mahali pake pamoja tu. Mahindi ya mbegu, maharage ya mbegu, hata cheti changu cha darasa la saba, vyote vimelelewa huko.

"Darini," nikasema.

"Juu ya jiko?"

"Juu ya jiko. Panapopita moshi."

Klara akaiweka bisibisi mezani taratibu sana. "Baba mdogo, naomba utafute usafiri."

Nilipata pikipiki mpaka Lukozi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta dada Hawa uani kwake anamenya njegere, moshi unatoka kwenye paa la jiko kwa raha zake.

"Umerudi," akasema. "Yule dereva amekumbuka?"

"Amekumbuka lori. Dada, nani alikutuma?"

"Nitumwe na nani kwa mama yangu?"

"Fundi alisema zisiguswe."

"Fundi alisema hivyo kwa simu, mimi nilikuwa nje ya simu." Akaendelea kumenya. "Kaseti ulihifadhi wewe, Jafari. Kabatini, na kufuli, na ufunguo shingoni kama hirizi. Zikaota ndevu. Mbegu zangu za mwaka juzi ukizipanda leo zinaota. Sasa mashine imekufa, na mvua hii, ulitaka niache?"

Akapanda ngazi akashuka na tenga dogo, na ndani yake kitu kimefungwa kwa kanga kuukuu ya mama. Nikanyoosha mkono. Akanikwepa.

"Nitalibeba mwenyewe. Wewe una hasira, utaliangusha."

Tukarudi na gari lililokuwa linashusha kabichi mjini. Alikaa mbele na tenga mapajani, na kila penye shimo akiliinua kidogo kama mtu anayembeba mgonjwa.

Nilidhani tutamkuta Klara amekwishaitoa kadi mbovu. Hakuwa ameigusa. "Niliwangoja," alisema. "Mali ni yenu. Kesho kuna watu watauliza nani alifungua mashine na alifanya nini humo ndani. Bora mwone kwa macho." Nimekaa kwenye vikao vya watu wakubwa miaka mingi, na si mara nyingi nimeona mtu mwenye ujuzi akikungoja uje umtazame.

Kwanza alituonyesha kwamba waya wa umeme umechomolewa ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa, hivyo hivyo bila umeme, ili kilichobaki ndani kiishe. Kisha akavua sweta.

"Utapata kichomi wewe mtoto," dada Hawa akamwambia. Ilikuwa baridi ile ya Lushoto ya mwezi wa sita, sote tumevaa masweta ya mtumba mawili mawili.

"Sufu inatengeneza umeme wake, shangazi. Ule unaosikia ukivua sweta, ule mlio. Wewe unakutekenya tu, lakini hivi vitu unaviua. Nyinyi simameni hapo hapo, msisogee." Akashika bati tupu la seva kwa kiganja, akatulia kidogo. "Hapo sasa mimi na mashine tuko sawa."

Mwalimu Elinuru akarudi nyuma hatua nzima, akikumbatia sweta zake.

Ndani ya seva pana ubao mkubwa wa kijani umelala chini, na juu yake kadi kadhaa zimesimama wima kwenye mifereji yake, kama vitabu kabatini. Klara alituonyesha iliyoungua. Ilikuwa na doa jeusi, kana kwamba mtu ameizimia sigara. Kutoka kwenye kadi hiyo kulitoka utepe mpana wa waya ulioelekea kwenye matundu ya diski. Aliuchomoa kwa kushika kichwa chake, si waya, akatuambia tukumbuke kwamba ukingo mwekundu umetazama chini. Akafungua skrubu moja iliyoibana kadi ukutani, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa ya soda isipotee. Halafu akaishika kadi kwa kingo zake mbili na kuivuta juu, moja kwa moja, upande huu kidogo na upande ule kidogo, bila kuizungusha. Ningekuwa mimi ningeing'oa kama karoti na mfereji wake ungetoka nayo.

Kadi nyingine aliitoa kwenye mfuko unaong'aa.

"Hii umeipata wapi?" nikamuuliza, maana Mwalimu aliniambia kadi za aina ile hazitengenezwi tena.

"Tanga, kwenye vyuma chakavu. Mashine ya lile shirika lililouzwa. Walizitupa zote nyuma ya jengo."

Lile shirika nalijua. Liliponadiwa niliteremka mpaka Tanga na bango la boksi, nikasimama nje ya lango siku nzima na watu wasiozidi kumi, na wapita njia wakituonea huruma. Nilirudi nikiamini kwamba hatukuokoa hata msumari. Sasa hii hapa, mkononi kwa binti wa Yeremia. Nilikohoa tu.

Klara aliyasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, akaipanga juu ya mfereji, akaikandamiza kwa vidole gumba viwili, huku na huku kwa nguvu sawa, mpaka ikakaa. Iliingia kwa mlio mdogo. Akarudisha skrubu. Akarudisha utepe, na ukingo mwekundu ukatazama chini.

"Sasa diski."

Dada Hawa akaifungua kanga. Diski zilikuwa zimepata rangi ya sufuria ya kupikia makande. Chumba kizima kikanuka jikoni kwetu.

Klara aliichukua ya kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye masizi. "Shangazi, sitakudanganya. Moshi si rafiki wa hivi vitu, na joto ni baya zaidi. Ungeziacha humu zingekuwa salama."

Dada Hawa akavuta upindo wa kanga yake. "Sikujua."

"Najua hukujua."

"Na iliyo chini hapo," dada Hawa akasema, bila kumtazama mtu, "iliniponyoka kwenye ngazi. Nilipokuwa napanda. Ilianguka sakafuni."

Nilifungua mdomo. Mwalimu Elinuru akanikanyaga mguu, na Mwalimu ana mguu mzito.

Klara alikuwa anatazama kitu kingine. Kwenye mshikio wa kila diski palikuwa pamefungwa kamba ya mgomba mkavu, na kamba zile zilikuwa na mafundo.

"Haya mafundo nani kayafunga?"

"Mimi," dada Hawa akasema. "Ukishusha mzigo si lazima uweke alama?"

Wanaotoa mboga Lukozi wote wanafanya hivyo. Lori moja la kwenda Kariakoo linabeba matenga ya nyumba ishirini, na kila nyumba ina fundo lake, ili gari likiharibika njiani na mzigo ukashushwa, kila tenga lirudi mahali pake. Kwa dada Hawa, mashine ilikuwa gari lililoharibika. Alishusha mzigo, akaweka alama.

"Kwa hiyo fundo moja ni diski ya tundu la kwanza, mawili la pili?"

"Ehe. Na matatu la tatu."

"Shangazi, unajua ulichofanya?" Klara alikuwa amesogea karibu naye. "Kila diski inatakiwa irudi kwenye tundu lake. Ukizichanganya, kadi inaweza isielewe chochote. Nilikuwa nimekwishaanza kufikiri nitabahatisha vipi." Halafu akasita. "Umeanza kuhesabu kutoka upande gani?"

"Upande wa dereva."

Tukatazamana. Mwalimu Elinuru akavua miwani akaivaa tena. "Hawa, mashine hii haina dereva."

"Mwalimu, mzigo wote unahesabiwa kutoka kwa dereva kwenda nyuma. Utahesabuje bila dereva?"

"Sasa dereva yuko upande gani?"

Dada Hawa alimtazama kama ninavyomtazama mimi mtu wa serikali anayeuliza mvua ya vuli inanyesha lini. Akanyoosha kidole. Mbele ya seva, upande wa kulia, palikuwa na kitundu kidogo cha ufunguo wa kufungia kifuniko.

"Penye ufunguo," akasema.

Klara alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko cha Yeremia tangu tumzike. Kilikuwa kile kile, cha kupanda ngazi. Akazisafisha diski kwa kitambaa na spiriti, meno yake akayasugua kwa kifutio, akazisukuma moja moja, ya fundo moja kwenye tundu la penye ufunguo, na nyingine zikafuata kwa mpangilio. Akachomeka waya ukutani.

"Bismillahi," nikasema.

"Na amina," akasema Mwalimu, ambaye ni Mlutheri.

Feni ikavuma. Taa ya diski ya kwanza ikawaka kijani. Ya pili, kijani. Ya tatu ikawaka nyekundu, na ndani yake kukasikika kitu kinagonga, kama kokoto ndani ya kopo. Dada Hawa akakaa chini sakafuni.

"Tulia, shangazi," Klara akasema. "Zimepangwa kubebana. Zikiwa tatu, kila moja inatunza kidogo cha wenzake. Moja ikianguka, mbili zinajua ilichobeba. Zikianguka mbili ndiyo basi. Mshukuru Mungu hukuwa na haraka zaidi kwenye ile ngazi."

Skrini ikaandika maneno meupe kwa Kiingereza. Mwalimu Elinuru akainama kusoma, akatutafsiria. Kadi mpya inasema imekuta diski ambazo si yeye aliyezipanga. Inauliza: ifuate mpango ilioukuta kwenye diski, au ifute ianze upya?

Nilisoma sura ya Mwalimu kabla hajamaliza. Kidole chake kilikuwa karibu na kibodi.

"Inauliza kweli?" nikasema. "Imefika leo, imekuta watu, na inauliza?"

"Inauliza."

"Basi kadi hii ina adabu kuliko mwekezaji."

Klara akakishika kidole cha Mwalimu akakiondoa pale kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye kisu. Akasoma maneno yote tena, polepole, mara ya pili kwa sauti. Akachagua ifuate mpango ilioukuta. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akajibu ana hakika. Ikakaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, na nyinyi mnajua mimi si mtu wa kusahau.

Halafu majina yakateremka kwenye skrini. Mwalimu alikuwa ameyaandika kwa utaratibu wake wa shule, jina na kitongoji, jina na kitongoji. Yote yalikuwepo. Mama yangu alikuwa wa nne kutoka juu.

"Haya, baba mdogo," Klara akasema. Hakuwa amekaa tangu tuingie. "Tumsikilize bibi kwanza, ndiye wa kwanza kesho."

"Hapana," nikasema. "Fungua la Yeremia."

Akanitazama.

"Fungua la baba yako kwanza, mama."

Kulisikika kwanza kikohozi, kisha mlio wa kikombe kinawekwa chini. Kisha Yeremia, na Kiswahili chake ambacho miaka arobaini ya Usambara haikukitoa Ubena. "Jafari, hii redio yako inakula betri kuliko mimi ninavyokula ugali. Haya, uliza." Akaeleza siku ile, meneja alivyosimama, jembe alilopewa, jiwe alikoanzia na mti alikoishia. Katikati ya maelezo akanyamaza akasema na mtu mwingine: "Klara, toka mlangoni, baridi itakuingia." Halafu akaendelea na njia.

Klara alilichukua sweta lake kwenye kiti akalivaa. Alilivaa nje ndani, na hakuna aliyemwambia.

Ndipo tukafungua la mama. Mama alianza kama anavyoanza kwa kila mtu, kwa salamu ya Kishambaa ya mchana. "Onga mashi," akasema, na mimi kwenye kanda sikujibu, nilikuwa bado nahangaika na vitufe. Pakawa kimya. Mama angengoja salamu yake ijibiwe mpaka kiyama.

"Niwedi, mama," dada Hawa akajibu kutoka sakafuni.

Na kama aliyekuwa anasubiri hilo tu, mama akaendelea.

Kesho yake Mwalimu Elinuru alikuja kikaoni na sidii mbili na spika alizoazima kanisani. Wakili wa mwekezaji aliuliza hawa wanaozungumza ni nani, na watu waliokuwa wamejaa mpaka madirishani wakamjibu kwa pamoja, kila mtu kwa jinsi alivyokuwa akiwaita. Jiwe lilitafutwa likaonekana. Mti ulikuwa umekatwa, kisiki chake kikawepo. Mimi sikusema neno. Mwenyekiti alitazama saa kwa mazoea tu. Waya ulikunjwa wiki ile ile, kwenye ile njia. Kwingine waya zipo, nazifahamu zote zilipo, na siku yake nitaziandika.

Lakini njia ya chemchemi ipo wazi. Ninapoona ng'ombe wa jirani wakiteremka asubuhi nawashukuru watu watano kwa majina, watatu wako hai na wawili wako kwenye diski. Mwalimu amekwishaweka diski mpya badala ya ile ya tatu. Kadi ya shirika lililouzwa bado inafanya kazi.

Klara alikataa malipo, akarudi Tanga. Dada Hawa akasema hakuna aliyemuuliza. Tulipanga tenga moja kubwa: kabichi, njegere, mapeasi, na juu yake mahindi mawili ya mbegu, meusi kwa moshi.

"Mwambie ayatundike juu ya jiko lake," dada Hawa akaniagiza.

"Dada, yule anapikia jiko la mafuta ya taa, ghorofani."

"Basi mwambie atafute nyumba."

Akalifunga kwa kamba ya mgomba na kupiga fundo la nyumbani kwetu, lile ambalo mama alilifunga na ambalo hatulifungi kwenye tenga la mtu mwingine. Stendi ya Lushoto kondakta wa basi la Tanga alilitazama, akataka kujua ni la nani.

"La binti yetu," nikamwambia. "Ukifika mwambie hongea, asante ya Kishambaa, atakuelewa. Na ukilishusha njiani, ulirudishe lilipokuwa. Anza kuhesabu kwa dereva."